Ua Nililolipanda Juu ya Bupe

Atupele mwanangu,

Kiroba alichokufungia shangazi yako nimekifungua. Nakuambia mapema, usije ukafika Mbozi ukakiona chepesi ukadhani mmeibiwa garini. Hakuna mwizi. Ni mimi mama yako, leo mchana, mlipokwenda Nkunga kumuaga bibi. Ile miche mitatu ya migomba na zile mbegu za magimbi nimezitoa, nimezirudisha shambani zilikotoka. Ndani nimekuwekea maharage tu. Shangazi yako hajui, na siku ukimwandikia salamu usimweleze, maana akijua nitasikia maneno yake mpaka nizeeke.

Mvua inanyesha tangu saa saba na ukungu umeshuka hadi kwenye paa la jiko. Kazi ya nje haifanyiki, kwa hiyo nimekaa karibu na moto na daftari la mdogo wako. Usicheke mwandiko. Darasa la nne la zamani ndilo hili, na kalamu yenyewe inakwaruza. Mambo ya kupika, ya kuamka mapema, ya namna ya kumpisha baba mkwe njiani bila kumtazama usoni, hayo shangazi amekufundisha wiki nzima na mimi siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na sikuwahi kukueleza vizuri miaka yote uliyokuwa ukiinama pamoja nami kwenye matuta. Barua hii nitakutia mkononi kesho stendi, uisome gari likishaondoka. Usoni kwako nisingeweza.

Unakumbuka juzi alivyokuwa akifunga kile kiroba. Nilimwambia, "Wifi, tuioshe hiyo miche kwanza." Akanitazama kama nimemtukana.

"Kuosha? Mche wa bibi harusi unaoshwa kama sufuria?"

"Udongo wetu si mzuri, wifi. Unajua."

"Mimi nilitoka hapa hapa na udongo wangu. Mama yangu alitoka kwao na udongo wake. Binti akienda bila udongo wa mama yake, mgomba utashika wapi? Umshike mama mkwe miguu?"

Mkacheka wote, na wewe ukacheka. Nami nikacheka, nikanyamaza. Hiyo ndiyo tabia yangu, Atupele. Nikiona watu wamefurahi, nanyamaza. Ningekuwa na tabia nyingine, kesho ungeondoka na migomba yako.

Leo nilikifungua nikitaka tu kukuongezea kanga moja. Mche wa kwanza ukanipukutikia udongo mapajani, na katikati ya mizizi nikakiona kile kitunguu cha lile gugu letu. Kimoja, kadiri ya njegere, na nyuzi zake nyeupe, na mwisho wa kila uzi kitoto chake. Nikaleta beseni. Nikaosha miche, nikamwaga, nikaosha tena. Nikachukua kisu nikakata mizizi yote, nikamenya mpaka miche ikawa myeupe kama muhogo. Maji ya tatu nikayamwaga polepole. Chini ya beseni kulibaki vitoto viwili, vidogo kama chenga za mchele. Hapo nikakaa chini kwenye tope la uani na nguo yangu safi. Kama hivyo viwili nimeviona, vingapi sijaviona? Mwenzako Ipyana amepata shamba ambalo halijawahi kulimwa na mtu, amefyeka msitu mwenyewe kwa miaka miwili, na mimi nilikuwa karibu kumpelekea hiki kitu kama zawadi ya harusi.

Sasa nikueleze kilivyoanza, maana wewe umekikuta kimeshaanza.

Dada yako Bupe unamjua kwa jina na kwa kaburi. Alikuwa na miaka minne. Ilikuwa surua. Nilimkalisha nyumbani siku tatu nikidhani ni upele wa kawaida, na tulipomfikisha hospitali Igogwe alikuwa hafumbui tena macho. Hayo sitayaandika zaidi. Tulimzika pale kwenye migomba, nyuma ya nyumba, kama tunavyozika watu wetu, na kila asubuhi nilipotoka kuchota maji nilipita pembeni ya lile tuta la udongo mwekundu, tupu, na kuku wanalichakura. Kilichoniuma kuliko vyote ni wale kuku.

Wakati ule nilikuwa nachuma chai kwenye shamba la wakubwa, tenga mgongoni, mvua na jua. Njia yetu ilipita kwenye nyumba ya meneja. Kando ya njia kulikuwa na ua dogo la zambarau. Majani yake matatu matatu, kila jani kama moyo uliogeuzwa, yamekaa chini kama zulia. Nililitamani. Nikasema hili litamfunika Bupe vizuri, na kuku hawatachakura. Mzee aliyekuwa akitunza bustani ile alikuwa amepiga magoti analing'oa, analitia kwenye ndoo. Nikamsalimia.

"Baba, nipe mashina mawili."

"Ya nini?"

"Ya kupanda."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, watu wanapanda vitu. Hiki kinajipanda. Mimi nina miaka minane hapa, kazi yangu ni kukitoa. Nenda zako, nitakupa waridi."

Nikaona ni mchoyo. Nikajisemea, wanaofanya kazi kwa wakubwa wanakuwa wachoyo kama wakubwa. Jioni alipoondoka nikarudi nikachimba kwa kidole, nikafunga kwenye ncha ya kanga pamoja na udongo wake, nikaja nayo nyumbani imefichwa kifuani. Wizi wangu wa kwanza na wa mwisho, mwanangu, ndio huo. Nikapanda mashina matano juu ya kaburi.

Lilishika ndani ya siku chache. Mvua zilipokaza lilikuwa limefunika kaburi lote, na mwezi uliofuata likachanua. Watu wakaja kutazama. Kila mama aliyepita alinisalimia akasema, "Ndaga, mama Bupe, mtoto amelala pazuri." Atupele, maneno hayo yalikuwa chakula changu. Nilikuwa sili, nikaanza kula. Wakaniomba, nikawapa. Nilimpa mama mmoja wa kwaya kwa ajili ya kaburi la mumewe, nikampa mwingine, nikapeleka mafungu mawili kanisani tukapanda pande zote mbili za njia ya mlangoni. Mzee wa kanisa alinishukuru mbele ya watu wote. Hapo ndipo watu walipoanza kuliita ua la mama Bupe, na mimi nilijivuna.

Baba yako ndiye aliyeona wa kwanza. Ilikuwa msimu uliofuata, wewe ulikuwa tumboni. Alikuwa anapalilia maharage karibu na kaburi, akaja jikoni na jembe begani. Akasema, "Mama, hili ua limetoka kaburini, limeingia kwenye tuta la kwanza. Nalivuta linanipa jani, mwili linabaki nao chini. Acha nilichimbe lote, kaburi na pembeni yake, kabla ya mvua kubwa. Nitakupandia ua lingine."

Nilimwambia neno ambalo mpaka leo ninalisikia. Nilimwambia, "Unataka kumfukua mwanangu?"

Alilishusha jembe kutoka begani. Akalisimamisha ukutani, akatoka. Hakuligusa tena kaburi lile, mwaka ule wala mwaka uliofuata. Aliendelea kupalilia matuta tu, na kila alipolikata kwa jembe alikuwa analigawa. Pale alipokata kimoja viliota kumi, na udongo alioupandisha kwenye tuta la pili ulipanda navyo. Sisi tulidhani tunapalilia, kumbe tulikuwa tunasia. Lilikuwa bado dogo, Atupele. Ungetandika mikeka miwili ungelifunika lote.

Sasa nakuja kwa Bwana Shabani.

Wewe unamjua kama mzee wa duka. Hujui kwamba pale bondeni chini yetu, penye majani ya mabingobingo sasa, palikuwa pake. Alikuwa na vitalu vya kabichi na vitunguu pale karibu na maji, safi kama uwanja wa msikiti, na miche yake ilinunuliwa mpaka Kawetele. Kila mvua udongo wetu ulishuka kwake. Siku moja alipanda kuja kwangu, wewe ukiwa mgongoni, ameshika jani moja kwa vidole viwili.

"Mama Bupe, una mgeni wako amehamia kwangu. Hajapiga hodi."

"Mgeni gani?"

"Huyu mwenye kofia ya zambarau."

Kaburi lilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama, limechanua lote. Yeye analiona, mimi naliona. Nikasema, "Labda ndege wameleta."

Akanitazama kidogo. "Ndege wa kwenu wana nguvu. Wanabeba na vitunguu vya mgeni wako."

Nikamkazia macho kama mtu anayesingiziwa. Akainamisha kichwa. "Haya, mama. Mungu ndiye anayewajua ndege," akasema, akashuka zake. Hakurudi kuniuliza. Alinisalimia kila siku vilevile, na chumvi aliniuzia vilevile. Baada ya misimu mitatu akaacha vitalu, maana hakuna aliyetaka miche inayokuja na lile jani shinani. Akapanda mabingobingo ya ng'ombe, akabaki na duka.

Kwa nini nilisema ndege? Nimejiuliza miaka ishirini. Sikuogopa ugomvi, mzee yule hana ugomvi. Niliogopa kwamba nikikubali kuwa ua lile ni baya, basi nitakuwa nimekubali kwamba nilichompa mwanangu ni kitu kibaya. Siku tatu nilimkalisha nyumbani, halafu na juu yake nikampandia uchafu. Sikuweza kuyabeba yote mawili. Kwa hiyo nikawapa ndege wabebe.

Yaliyofuata umeyaona kwa macho yako. Umekua umeinama. Wenzako walikuwa wakicheza rede, wewe ulikuwa na mimi na kile chekecheke cha unga, tunachekecha tuta zima, udongo kwa udongo, unaokota vitunguu unavitia kwenye kopo. Ulikuwa unaimba unapookota. Mara nyingine uliyatafuna yale majani kwa uchachu wake, nikakufokea bure. Unakumbuka mwaka tulipojaza ndoo tatu, tukazianika juu ya bati zikauke, tukaenda ibadani? Mvua ilinyesha katikati ya mahubiri. Mimi na wewe tulitazamana pale kwenye benchi. Tuliporudi bati lilikuwa limeoshwa jeupe, na vitunguu vyote vimeteremshwa kwenye bustani ya mchicha, mahali pekee palipokuwa bado pasafi. Ulilia. Mimi nilikuambia tutaanza tena, na nilipokuambia hivyo nilikuwa sina imani hata kidogo. Nisamehe kwa siku ile. Ungekwenda kucheza.

Tulivitupa chooni, vikaota nyuma ya choo. Tukavitia kwenye samadi, tukaisambaza samadi shamba zima kwa mikono yetu. Tulikuwa na bwana shamba aliyekuwa akija kwa baiskeli, huyo angalau alijua la kusema, lakini mambo yalipobadilika akapunguzwa kazini, na sasa anauza soda stendi. Siku nilipomfuata pale alinifungulia soda ya bure, akasema, "Mama, mimi siku hizi magugu yangu ni haya makreti." Kisha zikaja enzi hizi za ruksa, kila mtu anauza kila kitu, akapita yule mchuuzi na dawa ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Nikampa jogoo. Nikamuuliza inaua nini. "Inaua kila kitu, mama." Hakudanganya. Iliua maharage, iliua magimbi, iliua nyungunyungu. Wiki tatu baadaye kwenye udongo ule uliokufa likatoka jani moja la mioyo mitatu, limenawiri peke yake, halina wa kugombania naye.

Na malori nayo. Zamani mbegu zilitembea kwa mguu, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Sasa lori linaingia mpaka mlangoni, linapakia viazi na magimbi na udongo wake, na magunia yanarudi na udongo wa watu wengine. Mwaka jana nilikuwa mnadani, nimeinama nachagua karoti. Mwanamke anayeuza, wala simjui, si wa huku kwetu, alikuwa anamlalamikia mwenzake. Akasema, "Mwaka huu sina kitu, dada. Mama Bupe amenimaliza shamba."

Nikamuuliza, "Mama Bupe ndiye nani?"

"Si mtu, mama. Ni gugu. Lina ua zambarau."

Nikalipa karoti nikaenda zangu. Nilitembea mpaka nyumbani bila kupanda gari. Mtoto wangu alikaa duniani miaka minne, Atupele. Hakuna aliyebaki anayelijua jina lake isipokuwa sisi watu wachache wa nyumba hii, na wote wale wanaolitamka kwa kulilaani.

Nimeomba, usidhani sikuomba. Nimefunga, nimepiga magoti kule kwenye matuta. Nilimwendea mchungaji nikataka kutubu. Akatabasamu kwa upole akasema, "Mama, kupanda ua kwenye kaburi la mtoto si dhambi." Nikamwambia, "Si kupanda, mchungaji. Ni kusema ndege." Hakunielewa, na nje kulikuwa na watu wengi wanaomngoja. Mungu hajanijibu, au amejibu na jibu ndilo hili ninaloliona kila asubuhi ninapofungua mlango. Sijaacha kumwomba. Nimeacha tu kumwomba hilo.

Mwaka juzi, mlipokuwa kwenye semina ya vijana, nilifanya kile baba yako alichotaka kukifanya zamani. Nilipiga magoti juu ya kaburi, bila jembe, nikachimba kwa mikono. Nilitoa vitunguu nikajaza sufuria kubwa, nikavichemsha na udongo wake. Hiyo ndiyo njia pekee niliyoiona inaviua kweli. Nikarudi, nikachimba tena. Nilifika kina cha kiwiko, na vilikuwa bado vinaendelea kushuka. Nikaogopa. Nilijua mkono wangu ukienda chini zaidi utagusa kitu ambacho mama hapaswi kukigusa. Nikarudisha udongo, nikausawazisha, nikanawa. Sikumwambia baba yako, lakini alirudi, akalitazama kaburi, akatazama kucha zangu, akaniwekea maji ya kuoga.

Baba yako ameamua shamba la juu atapanda mikaratusi. Utaisikia habari hiyo kwa watu, bora uisikie kwangu. Anasema chini ya mikaratusi hakuoti kitu. Ni kweli, na kijito nacho kitakauka, na mdogo wako hatakuwa na mahali pa kulima atakapooa. Sikumbishia. Shamba la bibi yako, lililokuwa likilisha nyumba tatu, linakwisha mikononi mwangu. Usije siku moja ukakaa huko ukafikiri mama atapata njia. Nimeitafuta. Haipo hapa.

Ijumaa iliyopita nilikwenda dukani kwa Bwana Shabani. Nilimngoja atoke msikitini. Nikamwambia nataka kuagana na jambo moja kabla binti yangu hajaondoka. Nikamwambia: "Wale hawakuwa ndege."

Alikuwa anapanga sabuni kwenye shubaka. Hakuacha kupanga. "Nilijua, mama Bupe. Siku ile ile nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilikuja na jani mkononi." Akapanga sabuni nyingine. "Nilikuwa nimewaacha wanangu wawili pale bondeni na majembe. Nilisema ukikubali tu tunapanda kuja kwako wote, siku hiyo hiyo, tunalitoa. Kaburini ungelitoa wewe mwenyewe kwa mkono wako, sisi tungechimba pembeni. Kazi ya siku mbili. Sasa wewe ukasema ndege. Mtu akishasema ndege, nitachimbaje kwake?"

Nikalia pale dukani mbele ya wateja. Alinipa kiti. Aliniambia, "Pole, mama. Mimi pia nilikosa. Nilikasirika, nikajifanya sijakasirika." Kisha akakufungia kilo ya sukari ya harusi, ile uliyoiona mezani. Nilikudanganya kwamba ni zawadi tu ya jirani.

Kazi ya siku mbili, Atupele. Sikuzote nilikuwa nafikiri kosa langu ni kupanda. Kupanda kulikuwa huzuni, na mtu mwenye huzuni atapanda chochote. Baada ya kupanda nilipewa siku mbili, na watu wa kunisaidia walikuwa wamesimama bondeni na majembe. Nikazikataa kwa neno moja.

Basi huko kwenu, pitia shamba lako ukiwa peke yako, bila jembe, mara kwa mara, hata siku usiyo na kazi nalo. Tazama pale ng'ombe wa watu wanapoingilia, na pale maji ya jirani yanaposhukia, na kitalu chochote ulichokinunua sokoni. Wewe jani lile unalijua kuliko mtu yeyote wa Mbozi; linakaa chini, halina shina, jioni linajikunja kama mtu anayesinzia. Ukiliona, usilivute na usilipige jembe. Ngoja udongo ukauke, ulinyanyue na bonge lake zima, pana kuliko unavyodhani, uliweke jikoni kwenye chungu. Na siku hiyo hiyo umwambie Ipyana, umwambie na jirani, hata kama wewe ndiye uliyelileta, hata kama wanacheka, hata kama mama mkwe yupo. Usingoje upate maneno mazuri. Sema vibaya, lakini sema.

Maharage niliyokuwekea ni yale mekundu ya bibi. Nimeyachagua moja moja, nimeyaosha, nimeyakausha kwenye ungo juu ya moto. Hayana udongo hata chembe. Viatu vyako vya mitumba nimevisugua chini kwa kijiti mpaka kwenye mistari ya soli, na lile jembe alilokupa baba yako nimelichoma kidogo motoni. Weusi wake utatoka. Najua binti huondoka na udongo wa kwao. Wewe unaondoka bila hata vumbi. Ndicho kitu pekee safi nilichobaki nacho cha kukupa, na ni kama kukupa mikono mitupu.

Utakuja kututembelea, najua, na nitafurahi mpaka nishindwe kusimama. Lakini ukiondoka hapa usichukue kitu cha shambani, hata nikikubembeleza, maana nitakubembeleza. Osha miguu yako pale kwenye jiwe, na ya watoto wako, ndipo mpande gari.

Mvua imepungua na nawasikia mnakuja njiani, shangazi yako anakuigiza unavyotembea, na wewe unacheka. Nafunga kiroba. Limebaki moja.

Siku ya kunizika mtakuja wote. Baba yako ameshaniambia nitalala pale pale, pembeni ya Bupe, na mimi ndipo ninapopataka. Watu watakanyaga sana. Waoshe miguu wote, hata wazee, na wewe uwe wa mwisho kuondoka ili uhakikishe. Na mtu akija na ua mkononi, mwambie kwa adabu alirudishe kwake. Mimi msinipandie kitu. Litaota lenyewe.

Mama yako,
Mama Bupe